Kikohozi cha Mlangoni

Mmekuja mara tatu. Mara ya kwanza nikasema macho yananisumbua. Mara ya pili nikasema kalamu imekauka. Mara ya tatu mkaja na kalamu mkononi, watu wasio na haya. Basi naandika, lakini mjue vidole vinaniuma, na shule mimi naijua kwa ukuta wake wa nje. Nyinyi wa chumba cha kufulia mnataka kujua zile pipi za mdogo wangu ziliharibikaje siku ya kumuaga msimamizi wenu. Yenu mmeshasema, kwamba mkono wake umeisha. Sasa kaeni kitako niutetee huo mkono, maana niliuona ukiwa haujaweza hata kushika kijiko.

Mdogo wangu amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Mahali pake ni kwenye mapipa ya klorini: kuloweka, kugeuza kwa mti, kuopoa, kusukuma kwenye mashine ya kukamua, kuanza tena. Shuka halishukuru. Ukilitakatisha leo, kesho linarudi na damu nyingine. Akifika nyumbani hukaa ukingoni mwa kitanda na viatu mguuni, akavitazama kama vile viko ng'ambo ya mto. Mumewe, shemeji yangu, mlinzi mstaafu, huinama akafungua kamba. Hakuna anayesema asante wala karibu. Wamechoka pamoja muda mrefu mno, maneno yamebaki ya lazima tu.

Jumapili ndiyo siku yake, na Jumapili mchana ndipo anapopika karameli. Si kwa kuuza. Anapika, anakata vipande, anavifunga kwa karatasi, anavijaza kwenye makopo ya maziwa ya unga na kugawa: kwa aliyejifungua, kwa aliyefiwa, kwa anayehama. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Kopo. Kazini ni mtu wa pipa la tatu. Kwenye kopo ndipo alipo yeye mwenyewe.

Sasa kupika kwenyewe. Sukari, maji kidogo ya kulowesha, moto wa wastani, na mikono mgongoni. Ukikoroga umeharibu, sukari inarudi chenga kama mchanga. Unaitazama inachemka, mapovu yanakuwa mazito, inaanza kugeuka. Wengine huangalia rangi. Kwake rangi haisaidii, kwa sababu sufuria yake ni ile tuliyoachiwa na mama, imeungua ndani ikawa nyeusi, na sukari nyeupe ikimwagwa humo inaonekana kahawia kabla haijaona moto. Nilimwambia mara ngapi anunue nyingine? Akasema sufuria mpya haina adabu. Basi yeye hupika kwa pua. Harufu inaanza kama mvuke mtamu, inakuja kama mkate uliokaushwa motoni, halafu inachoma. Kati ya mkate na kuchoma pana pumzi tatu. Hapo ndipo anapoepua, anamimina maziwa ya moto na siagi, sufuria inafoka, na mengine ni mikono.

Miaka miwili iliyopita, Jumapili moja, alisimama juu ya sufuria na moshi ukamzunguka kichwa naye hana habari. Mimi nilikuja mbio kutoka uani.

"Wewe! Unachoma nyumba?"

Akaepua. Akamwaga. Akasema, "Nilikuwa nawaza mambo." Hakuwa anawaza kitu. Baada ya kuniondoa pale alichukua kitunguu akakikata akakipeleka puani. Akachukua mafuta ya taa. Akachukua shati la mumewe. Hakuna. Klorini ilikuwa imekula pua yake kidogo kidogo, miaka yote hiyo, kama panya anavyokula gunia, unakuja kujua siku mahindi yanapomwagika.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba kile kitu kimoja alichonacho kimekwenda kwenye pipa pamoja na mashuka? Alipiga moyo konde, Jumapili iliyofuata akabandika tena, akiomba Mungu na kuhesabu kwa vidole.

Na hapo mumewe, aliyekuwa amekaa mlangoni na redio yake, akakohoa.

Kikohozi kikavu, kimoja. Mdogo wangu alishtuka akaepua. Karameli ikatoka safi. Jumapili ya pili, kikohozi. Ya tatu, kikohozi, pale pale penye mkate. Hakugeuka kumtazama. Mzee naye hakuinua macho kwenye redio. Miaka miwili walipika hivyo, mmoja anakohoa, mwingine anaepua, kila mmoja anajifanya hajui. Mimi nilijua. Nilinyamaza, maana kwa watu wenye kiburi namna ile ukiwashika mkono wanaukata.

Likaja hilo la msimamizi. Mwanamke aliyewaongoza hapo kufulia tangu mapipa yakiwa ya mbao, siku yake ya kustaafu ilikuwa Jumatatu. Mlimuuliza anataka zawadi gani, akasema hataki saa wala kitambaa.

"Mama Kopo anipikie kopo moja. Nikae kwangu nile polepole, basi."

Mdogo wangu aliposikia hivyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyelala vizuri. Mwanzo na mwisho kumwona hivyo mwaka ule.

Lakini mzee alikuwa na mafua tangu Alhamisi. Pua imejaa, macho mekundu. Jumapili akajikokota hadi mlangoni na redio yake, kwa sababu alijua kazi yake. Sukari ikachemka. Mapovu hayajawa mazito hata kidogo, kifua kikambana, akakohoa. Kikohozi cha kweli, cha mgonjwa.

Mdogo wangu akaepua.

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Angesema nini naye? Kwamba hicho hakikuwa chenyewe? Basi akaona maziwa yanamiminwa kwenye sukari isiyoiva, akazima redio, akaenda kulala.

Kilichopelekwa kazini mnakijua: kopo zima la msimamizi, na vipande vya ziada mlivyotafuna nyinyi. Karameli nyeupe, tamu tupu, kama maziwa ya kopo yaliyogandishwa. Mdogo wangu aliona weupe wake wakati wa kukata, lakini aliionja akapata utamu tu, na utamu ndio wote anaoupata siku hizi kwenye kila kitu. Akajiambia labda ni mwanga. Mtu akichoka sana hujidanganya kwa bei nafuu.

Alikuwa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa wakati yule binti wa pasi, ambaye hana hata miaka miwili hapo, alipoitema yake kwenye karatasi.

"Hii ndiyo inayosifiwa? Bibi mkono umeisha huyu. Apumzike."

Mkacheka. Sisemi nani, mnajijua.

Alirudi nyumbani, hakukaa kitandani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua sufuria ya mama na makopo yote matupu, akayapanga nje karibu na pipa la takataka, mstari mmoja, kwa unadhifu. Halafu ndipo akakaa, na viatu mguuni.

Shemeji alitoka nje na blanketi mabegani. Akarudi na sufuria.

"Umeiangusha," akasema.

"Nimeitupa."

"Sufuria ya mama yako?"

"Mama angeitupa pia. Nimechoka, mzee. Kufua nitafua mpaka waniondoe. Lakini hii basi."

Mzee akasimama pale na sufuria kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Jana nilikuwa mgonjwa," akasema.

"Najua."

"Kile kikohozi kilikuwa cha ugonjwa."

Mimi nilikuwa dirishani, sikujificha.

"Ulikohoa nami nikaepua," mdogo wangu akasema taratibu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumapili ya kwanza. Wewe na redio yako. Betri ziliisha mwaka jana mwezi mzima, ukaendelea kuishika. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema? Una mdomo wa pambo?"

"Ningekuambia una pua mbovu, ningelala wapi?"

Nilicheka mimi, nikaambiwa niondoke dirishani. Sikuondoka. Yeye hakucheka, lakini alinyoosha mguu mmoja, na mzee akaweka sufuria chini akaanza kufungua kamba.

Ilipita wiki mbili mafua yakaisha. Jumapili akabandika. Uchovu ulikuwa ule ule, mgongo ule ule, msidhani kuna aliyefufuka hapo. Sukari ikachemka, mapovu yakawa mazito. Mzee mlangoni akajiweka sawa, akavuta pumzi, na kwa mazoea akaanza: "Khm..."

"Nini?" mdogo wangu akageuka. "Sema kama mtu."

Mzee akameza kikohozi chake.

"Bado," akasema. Kisha, "Bado kidogo." Kisha, kwa sauti ya mlinzi aliyeona mwizi, "Epua!"

Ilikuwa kahawia kama kiatu kilichopigwa dawa.

Alijaza kopo akalipeleka mwenyewe kwa msimamizi, siku hiyo hiyo, kwa miguu. Chumba kimoja, pazia, mwanamke mzima amekaa karibu na dirisha hajui aifanyie nini mikono yake. Mdogo wangu hakukaa. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, na alijua akikaa hayatatoka.

"Dada, lile kopo la kwanza lilikuwa bovu. Pua yangu imekufa. Miaka miwili sasa mume wangu ndiye anayeninusia. Hili ndilo kopo lako."

Alisema. Mimi dada yake alinificha miaka miwili, kwa mtu baki akasema.

Msimamizi alimtazama. Akafungua kopo, akatoa kipande, akatafuna taratibu sana.

"Lile la kwanza lilikuwa bovu?"

"Hukuona?"

"Mdogo wangu," msimamizi akasema, "mimi yangu ilikufa miaka saba iliyopita. Lile kopo nililimaliza kwa siku nne. Nilidhani ni ile ile."

Basi ndipo mdogo wangu akakaa. Walikaa pale wanawake wawili wenye pua za urembo, wakila kitu ambacho hakuna kati yao aliyejua kama ni kizuri, kopo katikati yao, hadi mmoja akaanza kutikisika mabega na mwingine akafuata. Walicheka mpaka wakachoka, na kuchoka kwao hakuko mbali.

Huyo binti wa pasi basi ndiye peke yake aliyeionja kweli ile mbovu. Alikuwa sahihi, simpingi. Pua bado anayo. Mwambieni afungue madirisha.

Nimemaliza, na vidole vimevimba. Sasa zamu yenu. Makopo ya mdogo wangu yako kumi na tisa nje huko, nayajua kwa idadi, mengine mnawekea chumvi na mengine vifungo. Yaoshe wewe unayesoma, urudishe Jumapili hii kabla hajabandika. Na ukifika mlangoni piga hodi kwa mdomo. Usithubutu kukohoa.