Nusu Kikombe

Katika kikundi cha walioacha pombe kule Free Area, mama wa chai ndiye hufika wa kwanza, leso kiunoni, birika kubwa mkononi. Hahubiri, wala hamuulizi mtu alikunywa nini jana. Humimina tu, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na kila mgeni humpa nusu kikombe. Siku yake ya kwanza, Weldon nusura aondoke kwa hasira. Kwao Molo, kumpa mgeni chai nusu ni kumwonyesha mlango.

"Mathe, chai imeisha ama ni mimi tu hunipendi?"

"Kunywa hiyo kwanza, baba. Utaongezewa."

Weldon alipokiinua kikombe, mikono ilimtetemeka mbele ya watu wote. Chai ikarukaruka, ikapanda hadi ukingoni, lakini haikumwagika. Akainua macho amtazame mama. Alikuwa amempa mgongo, akipanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Wiki zikapita. Jumamosi moja yenye baridi, mama akamjazia kikombe hadi juu. Weldon akakibeba polepole kama aliyebeba mtoto mchanga, na mama akaacha kuimba mpaka Weldon alipoketi.