Bima ya Moto na Ukuta wa Udongo

Mume wangu alikuwa karani kwenye kinu cha pamba, Shinyanga, na karani wa enzi zile alijiona nusu Mzungu. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati mtaani, ingawa kuta zilikuwa za matofali mabichi tu. Siku moja wakala wa bima alipita ofisini kwao, na jioni mume wangu akarudi nyumbani na hati yenye mhuri mwekundu. "Sasa nyumba hii ikipatwa na lolote, tunajengewa upya," akaniambia. Nami, mjinga wa kutupwa, nikapiga kigelegele.

Kwetu nyumba ya mtu ikianguka, kila kaya inatoka na fito, kamba na majembe. Mwenye nyumba anapika, watu wanakula pamoja, wanakwenda zao. Mwaka ule radi iliunguza nyumba ya mjane jirani yetu, watu wakaja kutuita. Mume wangu akasimama mlangoni na kaptula yake iliyopigwa pasi, akasema, "Mimi nina bima. Mambo ya kukata fito nimeyaacha." Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipotaka kwenda mwenyewe akanikataza, nami nikakaa.

Mvua zilizofuata zilikuja na hasira. Nilikuwa kisimani, mtoto mgongoni, ukuta wa chumba cha kulala ulipolala chini na bati likaangukia kitanda. Mume wangu wala hakushtuka. "Tulia, mama. Bima si ipo?"

Wakala akaja. Akaokota tofali, akalivunja kwa mkono, mchwa wakamwagika. "Moto uko wapi hapa?" akauliza. "Ulikata bima ya moto na radi. Mvua haimo. Mchwa hawamo. Ukuta uliochoka haumo." Mume wangu akaifungua hati pale pale uani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuandikia magunia ya pamba, na siku ya kutia saini aliona haya kuuliza. Alisoma mpaka karatasi ikalowa.

Mvua haikukoma, na mtoto akaanza kukohoa. Nikaenda kwa mjane.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia kama mama yangu mzazi.

"Marahaba."

Nikaanza kulia. Akanitazama, kisha akauliza, "Mtoto analala wapi?"

"Chini ya meza."

Akajitanda khanga yake, akatoka kuwaita watu.

Kesho yake walikuja wote. Mume wangu alikanyaga matope pamoja nao, na hakuna aliyemsema hata neno moja, afadhali wangemtukana. Mimi nilichinja mbuzi, nikasonga ugali sufuria mbili, moyo ukaanza kutulia. Nikajisemea, wakishakula yamekwisha.

Ukuta ukasimama, bati likarudi juu. Nikatandika mikeka, nikaleta maji ya kunawa. Wakanawa matope, kisha wakaokota majembe yao.

"Karibuni chakula, jamani!"

Mjane akampapasa mtoto kichwani. "Tumemjengea huyu," akasema. "Kula, tunakula na wenzetu."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mume wangu akaninong'oneza, "Wakimbilie, uwaite."

"Waite wewe, mwenye bima!"

Hakuwaita. Tukakaa kwenye mikeka mitupu, tukaanza kula nyama ile wawili, sufuria mbili za ugali mbele yetu.