Kizibo Kimoja cha Maji

Sifa zote zimrudie Mungu Baba, aliyenipa miaka mingi kuliko niliyoiomba, macho ambayo bado yanasoma kwa msaada wa miwani, na wajukuu wanaoniita kwa sauti kubwa kwa sababu wanadhani kila mzee ni kiziwi. Namshukuru kabla sijaanza, kwa kuwa haya ninayoyaeleza yana kosa langu ndani yake, na nikianza na kosa naweza kusahau shukrani.

Nilizaliwa Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na majirani zetu wa ukuta mmoja walikuwa Waprotestanti. Siku za kazi watoto tulikula sahani moja. Jumapili, kila kundi likielekea kanisani kwake, tulirushiana maneno barabarani.

"Waabudu sanamu hao wanapita!" walisema wao.

"Na ninyi hamna mama!" tulijibu. "Yesu wenu alizaliwa na nani?"

Jumatatu tulirudi kucheza, na hakuna aliyekumbuka nani alishinda. Nimeyataja haya ili msomaji ajue kwamba sikukulia kwenye chuki. Nilikulia kwenye utani, na utani huo ulinifanya nidhani kwamba tofauti zetu si jambo kubwa. Kwamba ni jambo kubwa, nilikuja kujifunza uzeeni.

Nilisomea ukunga, nikafanya kazi katika zahanati kadhaa za Shinyanga na Geita mpaka nilipostaafu na kujenga kibanda changu Katoro. Wakati wa mafunzo, mtawa mmoja aliyetufundisha alituambia kwamba mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Yanatakiwa maji, maneno, na nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Nilifanya hivyo mara kadhaa kazini, na kila mara niliwauliza wazazi kwanza. Wengi wa watoto wale walizikwa siku ileile, na wazazi walinishukuru huku wakilia.

Binti yangu wa mwisho aliolewa na Mprotestanti, fundi wa makarasha kule Nyarugusu, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Ni mtu mpole. Ni mzee wa kanisa lao, hanywi pombe, na Jumapili hawashi mashine hata kama duara limetema, yaani shimo limetoa dhahabu, na wachimbaji wamepanga foleni na mifuko yao. Siku ya kuzungumza mahari, upande wao uliweka sharti moja: watoto watafuata kanisa la baba yao. Kanisa hilo halibatizi watoto wachanga. Huwaombea tu na kuwaweka wakfu, na mtoto akifika umri wa kujua, akiomba mwenyewe, huzamishwa majini. Kaka yangu alikubali kwa niaba yetu, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Mimi nilikuwa chumba cha pili na akina mama wenzangu. Nilisikia kila neno, nikanyamaza. Binti yangu akaacha kupokea komunyo pamoja nami, akaanza kusali na mumewe. Nililia siku mbili, kisha nikaendelea na maisha.

Kuna jambo jingine la kueleza. Sisi Wasukuma, jinsi nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na neno zito kati yao hupitia kwa mtu mwingine. Vijana wa mjini wanacheka desturi hiyo, lakini mkwe wangu aliishika, nami nilimheshimu kwa hilo. Alinisalimia kwa mbali, ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Basi.

Binti yangu alishikwa na uchungu miezi miwili kabla ya wakati wake. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Mkwe wangu alimleta kwa bajaji mpaka kituo cha afya cha Katoro, akamkabidhi kwa muuguzi, nami niliyepigiwa simu nikaingia kwa ruhusa kwa kuwa pale kituoni walinijua. Yeye alibaki nje kwenye benchi, dirishani kwetu kabisa. Nilikuwa nauona mgongo wa shati lake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo kama kuku wa kienyeji, rangi ya bluu, hana sauti. Muuguzi alikuwa akihangaika na binti yangu aliyekuwa akivuja damu. Nilimfuta mtoto mdomo na pua, nikamsugua mgongo, nikampiga nyayo. Kimya. Binti yangu aliinua kichwa akaniuliza, "Mama, mbona halii?"

 Kitandani palikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Nikafungua, nikajaza kizibo, nikammiminia mtoto kwenye paji la uso mara tatu, nikiyasema maneno. Nilimwita kwa jina la marehemu mama yangu, kwa kuwa hakuwa amepewa jina. Kizibo kimoja kilitosha mara zote tatu.

Muuguzi alimaliza upande wake akaja na mpira wa kupulizia hewa. Alipuliza kwa muda ambao sikuupima. Mtoto akatoa sauti nyembamba, kama ya paka. Sisemi kwamba maji yale ndiyo yaliyomfufua. Muuguzi yule alijua kazi yake, na Mungu hutumia mikono ya wanaojua kazi. Nasema tu kwamba alipolia, alikuwa ameshabatizwa, na baba yake alikuwa nje hajui lolote.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa paroko, kwa kuwa ubatizo wa namna ile lazima uandikwe kwenye kitabu cha parokia. Alinisikiliza, akachukua kalamu, kisha akaishikilia tu.

"Mama, baba wa mtoto alikuwa wapi?"

"Nje, padre."

"Mbali?"

"Si mbali."

"Ubatizo ni halali," alisema. "Nitauandika. Lakini wazazi wa mtoto wana haki ya kujua. Uwaambie wote wawili, usichelewe."

Binti yangu nilimwambia siku ileile. Alishika shavu, akasema, "Yesu wangu! Mama, umeniua." Alijua mumewe alivyosimama mbele ya wazee wenzake kuitetea ndoa yao, wengine wakimwambia kwamba mke aliyetoka kwa Wakatoliki atawarudisha watoto huko kwa mlango wa nyuma. Sasa mlango wa nyuma ulikuwa mimi.

Mkwe wangu sikumwambia mwenyewe. Nilimtuma kaka yangu, kama desturi inavyotaka. Kaka alirudi jioni, akaketi, akavua kofia.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Amesema ahsante kwa taarifa."

"Hivyo tu?"

"Amesema pia mtoto asiletwe kwako mpaka atakaposema."

Miezi sita sikumshika mjukuu wangu. Siku za gulio binti yangu alipita kwangu peke yake, akanionyesha picha kwenye simu: mtoto ameketi, mtoto ameota jino. Nilikuza picha kwa vidole viwili kama alivyonifundisha. Aliniambia pia kwamba mumewe alimpelekea mchungaji habari ile yeye mwenyewe kabla wengine hawajaisikia, na kwamba mchungaji alimjibu, "Huo si ubatizo. Mtoto ameogeshwa tu. Usihangaike."

Neno hilo, ameogeshwa tu, liliniuma kuliko katazo. Nilikasirika. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa akina mama waliniunga mkono kwa nguvu. "Ulifanya sawasawa," walisema. "Kama si wewe, roho ya mtoto ingekuwa wapi?" Mmoja akaongeza kwamba watu wale wanamnyima Mungu watoto Wake. Wote waliitikia. Nilipaswa kufarijika, lakini nilirudi nyumbani nimefadhaika. Walikuwa wakinisifu kwa jambo ambalo halikuwa shida yangu. Kuhusu maji na maneno sikuwa na shaka, na sina mpaka leo. Swali la paroko ndilo lililonifuata jikoni na kisimani: baba wa mtoto alikuwa wapi?

Nilisali juu ya hilo kipindi chote cha Kwaresima. Baada ya Pasaka nilivaa kitenge kizuri, nikapanda pikipiki mpaka kwao, Jumamosi asubuhi. Mkwe wangu alikuwa uani anasafisha vyuma vya mashine kwa dizeli. Aliponiona aliinuka ili aondoke, kama desturi.

"Baba, kaa," nilimwambia. "Leo nimekuja kwako."

Alimtazama mkewe. Binti yangu akaleta viti viwili, akaviweka mbali mbali, halafu akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Sikumtazama mtoto. Niliogopa kwamba nikimtazama nitasahau nilichokuja kusema.

"Sikuja kuomba msamaha kwa ubatizo," nilianza. "Hilo naliamini, siwezi kulikana. Nimekuja kwa ajili ya kutokukuita."

 Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa pale benchini, mama," alisema. "Hatua kumi. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia mke wangu anauliza mbona halii. Nikangoja kuitwa."

"Najua."

"Mtoto wangu alikuwa anakufa, na ninyi mlikuwa mnafanya ibada. Mimi niko nje kama dereva wa bajaji."

"Ningekuita ungesema nini?"

"Ningesema hapana." Hakusita. "Ningesema hapana, halafu ningepiga magoti nimwombee. Pengine wewe ungebatiza tu hata hivyo. Lakini ningekuwa nimemwona. Angekufa, ningekuwa nimemwona akiwa hai."

 Nilimwambia ukweli ambao hata padre sikuwa nimemwambia: kwamba niliuona mgongo wake dirishani, kwamba nilijua atakataa, na kwamba desturi ya mkwe na mama mkwe ilinipa kisingizio cha kutokumwita. Tena nikamtuma kaka kwa kisingizio hichohicho.

"Nisamehe kwa hilo, baba."

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Maji yalikuwa kiasi gani?"

"Kizibo."

"Kizibo gani?"

"Cha chupa. Ya maji ya kunywa."

Aliniangalia usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. "Kizibo!" alisema. "Mama, sisi tunakwenda mpaka lambo la ng'ombe, tunatoka na tope mpaka masikioni, na ninyi mnamaliza kwa kizibo?" Akacheka. Binti yangu mlangoni akacheka pia, halafu akaanza kulia, nami nikaacha kujizuia.

Tulipomaliza tulizungumza kama watu wazima. Yeye alisema mtoto atawekwa wakfu kanisani kwao, na siku akiomba kuzamishwa majini hatamzuia. Mimi nilisema kwamba kwetu ubatizo ni mmoja, haurudiwi, na siku hiyo ikifika nitahuzunika. "Utahuzunika," alikubali, "lakini usimwambie yeye." Nikaahidi. Nikamwomba naye asimwambie kwamba aliogeshwa tu. Alifikiri kidogo, akasema, "Nitamwambia bibi yako alikubatiza, na baba yako haamini kwamba ulibatizwa. Ndiyo kweli yenyewe." Niliridhika. Akamwambia mkewe, "Mpe mama mtoto."

Alikuwa mzito. Nilikuwa nimebaki na uzito wa siku ile ya kwanza mikononi.

Siku ya kuwekwa wakfu nilialikwa, nikaenda. Nilikaa benchi la mbele na familia. Waliimba vizuri, kwa ngoma na kinanda, na mchungaji alihubiri kwa saa nzima bila karatasi. Alipomwombea mtoto, mkono wangu ulipiga ishara ya msalaba wenyewe, na akina mama wawili nyuma yangu wakanong'onezana. Mmoja wa wazee wa kanisa hakunipa mkono wakati wa kutoka. Kwenye jumuiya yetu nako, wapo walioniuliza nilikuwa natafuta nini kule, na mama mmoja hanisalimii vizuri mpaka leo. Nimewaachia. Nilikwenda mahali ambapo mjukuu wangu aliombewa.

Sasa ana miaka minne. Huletwa kwangu kila Jumamosi na kurudishwa jioni. Mkwe wangu aliniomba nisimfundishe rozari mpaka aanze shule na aweze kuuliza mwenyewe, na nimelishika ombi hilo. Si rahisi. Kuna siku nasali huku ameketi miguuni pangu akihesabu punje za rozari yangu kwa sauti, nami simwambii kila punje ni ya sala gani, namwacha ahesabu tu. Kabla ya kula, baba yake huomba kwa maneno yake na mimi kwa yangu, kulingana na nani yupo, na mtoto hungoja Amina ya yeyote kati yetu ili ale.

Wewe unayesoma, wa kanisa langu au la mkwe wangu au la imani nyingine kabisa, Mungu akutunzie waliomo nyumbani mwako. Akupe ujasiri wa kumwita aliye nje kabla hujafanya unaloliamini, na siku ukikosea akupe miguu ya kwenda mwenyewe kuomba radhi. Amani Yake ikae kwako na kwa watoto wako. Amina.