Geji ya Mkaguzi wa Mizani

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani, na hakuna mwenye duka aliyemwona akiingia bila kumeza mate. Alipostaafu jina la Mkaguzi lilimganda, na fedheha yake ilikuwa moja tu: gari lake kuukuu la rangi ya krimu, ambalo geji yake ya mafuta ilisema tangi limejaa, mwaka mzima.

"Baba, mafuta yanaisha," mkewe alimwambia walipokuwa wakienda harusini kwa mpwa wake.

"Mama, kipimo kimesema limejaa. Wewe na kipimo, nani amesomea?"

Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza katikati ya kilima. Harusini walifika viti vikikunjwa, mama kabeba viatu mkononi.

Kesho yake fundi wa mtaani, mwanamke wa ovaroli lililopauka, alichungulia tangi. "Ni boya tu, mzee, kile kinachoelea juu ya mafuta. Mkono wake umekwama juu kwa kutu. Niachie nusu saa."

"Mwanangu, vipimo nimevifungua kabla hujazaliwa."

Akakifungua kipimo mwenyewe, siku tatu, juu ya meza ya kulia, mpaka chai ikanuka petroli. Alikwangua kutu kwa msasa, akakirudisha kwa heshima zote, chini juu. Alipojaza tangi, sindano ikalala kwenye sifuri. Akaiamini, akaagiza mafuta zaidi, yakamfurikia viatuni.

Mtu mwingine angerudi kwa fundi. Mkaguzi alibandika karatasi mbele ya usukani: ILANI. GEJI HII ISOMWE KINYUME. IMEKAGULIWA. Akatia sahihi na tarehe.

Mkewe aliisoma. Wiki iliyofuata, tangi likiwa limefika nusu, mzee alipojinyoosha mchana, mama akalipeleka gari kwa fundi. Boya likatengenezwa kwa dakika ishirini na tano.

Jioni sindano ilisimama katikati. "Unaona?" Mkaguzi akasema. "Nusu. Na kinyume chake pia ni nusu. Utaratibu unafanya kazi!"

"Unafanya, baba," mkewe akajibu, akitazama nje asije akaangua kicheko.

Siku ya tano sindano ilikaribia sifuri, na Mkaguzi akatangaza kwamba tangi limejaa. Hapo mama akaibandua ilani kwa ukucha.

"Twende tukajaze."

"Nani amerekebisha bila kibali?"

"Mimi na fundi."

Mkaguzi alifuta miwani muda mrefu kupita kiasi. Kisha akampa mkewe funguo, akazunguka, akaketi upande wa abiria.