Jina la Winga wa Kushoto

Mwezi uliopita nilitoka Tunduma kwenda nyumbani Mbozi kuangalia kahawa, na kabla sijatua hata kapu ikabidi nikunje goti mbele ya mwanamume niliyemzidi miezi mitano.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Uzee huu wote, na lile "mwanangu" bado linanikera.

Ngoja nikueleze. Baba mdogo wa kweli, kitinda mimba wa bibi, alikuwa winga wa kushoto wa timu ya jeshi kule Dar es Salaam. Alikuwa mwanajeshi, lakini kazi yake hasa ilikuwa mpira. Akija likizo, mimi ndiye niliyezipaka njumu zake mafuta ya ng'ombe na kuzianika kwenye kichanja cha kahawa, hadi Jumapili nikanuka kanisani. Jioni alipiga mashuti, mimi nikikimbilia mipira kwenye mahindi. Timu yake ikitangazwa redioni, bibi alitukataza hata kutafuna kande, asije akapitwa na jina la mwanawe.

Vita vya Kagera vilipoanza, wachezaji wa ile timu walipelekwa mbele kama wanajeshi wengine. Hakurudi. Lilirudi sanduku lake, na njumu zikiwa ndani.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, jina la marehemu hupewa mtu wa ukoo, naye hushika nafasi yake nyumbani. Siku hiyo nilioga mapema nikakaa mstari wa mbele. Nilikuwa na miaka minane na sikuwa na shaka hata chembe. Bibi alinipita. Njumu akazitundika shingoni mwa mtoto wa baba mkubwa, aliyelelewa Isongole na kumwona marehemu mara moja tu.

"Wewe utaolewa," aliniambia nilipoangua kilio. "Jina litaenda kwa watu."

Basi mtoto wa rika langu akawa mzazi wangu. Alikuwa bado anakojoa kitandani, lakini firigisi ya kuku ilikuwa yake na shikamoo yangu ilikuwa yake. Mwalimu alimpanga winga ya kushoto kwa ajili ya jina tu, maana mguu wenyewe ulikuwa wa kutembelea. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda, na sioni haya kukiri.

Uwanja aliopigia mashuti marehemu sasa umejaa nyumba. Bibi ametangulia, baba pia, na waliokuwa wakimshangilia wameisha mmoja mmoja. Jioni ile ya mwezi uliopita tulikuwa tunachambua kahawa wawili tu, mimi na huyu baba mdogo wa jina, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hivi alikuwa anapigaje mpira? Naitwa yeye tangu utoto, wala simkumbuki. Umebaki wewe tu."

Niliona kila kitu. Alivyopangusa mguu wa kushoto kwenye soksi ya kulia, alivyorudi hatua tatu, kichwa chini, kisha mpira ukapinda kama umeitwa.

"Nimesahau," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kahawa yake. Nikifa, shuti lile litazikwa na mimi, na hakuna mtu atakayelijua tena. Hilo nalielewa vizuri. Asubuhi yake nilipanda gari kurudi Tunduma bila kumwambia.