Sufuria Lisilo na Alama

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, huku Milanzi, na kabla sijaona uso wa mtu ninayemfahamu nikaliona sufuria. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, limebonyea ubavuni, sikio moja limefungwa kwa waya. Nililitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa mgongo. Tangu nimalize chuo sina kazi, nina muda mwingi wa kufikiri, na mama husema mimi hufikiri mpaka chai inapoa. Basi nivumilie kidogo, nikusimulie habari za sufuria hilo.

Lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Babu alilileta kutoka Kasanga, ziwani, juu ya lori la dagaa, na miaka mingi baadaye, hata tulipolipikia maharage, mimi niliapa kwamba bado linanukia ziwa. Lilitosha msiba mzima. Kila kulipokuwa na kilio au ubatizo mtaani kwetu, lilitoka nyumbani kabla ya bibi, na bibi akalifuata na mwiko wake mrefu begani, kitenge cha pili kimefungwa kiunoni, upepo wa mwezi wa sita ukimsukuma kwa nyuma kama unamharakisha. Familia moja ya wafugaji ilipohamia na ng'ombe wao, ikafiwa na mtoto kabla haijajua hata jina la balozi wa nyumba kumi, bibi hakusubiri kuitwa. Tulikuta moto haujawashwa. Aliwasha yeye, na mimi nikakata vitunguu huku nalia, nikishukuru kwamba kuna vitunguu.

Kazi yangu hasa ilikuwa majivu. Kabla ya sufuria kupanda mafigani nililipaka majivu yaliyokorogwa na maji, nje yote, mpaka likawa jeupe kama mtu wa Jumatano ya Majivu, ili masizi yasiling'ang'anie. Bibi alikagua kwa kidole. Sehemu niliyoiruka niliisugua kesho yake kwa mchanga mpaka vidole vikauma.

Wenzake wote walitia alama kwenye vyombo vyao, maana vyombo vya shughuli hupotea: huyu rangi ya kucha, yule herufi kwa msumari. La bibi halikuwa na kitu. Wakimcheka alijibu kwa sauti ileile, "Alama ya nini? Si langu, ni la watu." Kwangu alieleza zaidi. Alisema siku ya mwisho Yesu hatamuuliza alisali rozari ngapi, atamuuliza nani alishiba kwake. Sala ya bibi ilinuka maharage na moshi wa mabua, na mimi niliiamini kuliko zile za kitabuni.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Bibi ndiye aliyemfundisha kupika ugali wa ulezi wa watu wengi bila kuacha mabonge, na alipofiwa na mume, bibi alisimama motoni kwake siku tatu. Mimi nilimwita mama mdogo.

Nilikuwa darasa la nne. Bibi alishikwa na homa, akanituma nipeleke sufuria likapikiwe kwenye jumuiya, ambako siku hiyo walikuwa pia wakiorodhesha vyombo vya jumuiya. Mwenyekiti alikuwa na daftari mapajani. Alifika kwenye sufuria, akatua kalamu, akanitazama mimi badala ya wakubwa.

"Na hili, mwanangu, ni la nani?"

Nilisimama wima kama nimeulizwa na mwalimu. "Si letu," nikasema, "ni la watu."

Walinipigia makofi. Mwenyekiti hakupiga, alikuwa anaandika.

Wiki iliyofuata sufuria lilikuwa na jina la jumuiya ubavuni, kwa rangi nyekundu ya mafuta, na lilikuwa linalala kwa mwenyekiti. Bibi aliliona kwenye ubatizo wa watu. Alisimama kidogo, akaligeuza maandishi yaelekee upande wa pili, akamimina maharage. Njiani kurudi nilimuuliza kama nilikosea. Akasema, "Ulijibu vizuri." Lakini hakunituma tena kupeleka kitu kwa watu. Maneno hayo mawili nimeyageuza miaka yote hii, na bado sijui alikuwa ananisamehe au ananifariji.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Mjomba alikwenda kuliomba sufuria kwa ajili ya msiba. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akampa pole kwa machozi ya kweli, kisha akasema limeshaahidiwa harusi siku hiyohiyo.

"Ningekuwa na uwezo, baba," alimwambia, "lakini ni la jumuiya, si la mtu."

Mjomba alirudi mikono mitupu. Aliyetuokoa ni mwenye duka wa barabarani, Mwislamu, aliyeleta masufuria mawili kwa mkokoteni wake, na mkewe akajifunga kanga akasimama motoni mpaka jioni. Mwenye duka alisema mama yake alipofariki, bibi alifika kabla ya ndugu. Masufuria yale yalikuwa madogo. Watu walikula kwa zamu, na wa mwisho, akiwemo mwenyekiti, walipata ukoko.

Nimejaribu kumtetea mwenyekiti. Huenda aliamini alichoandika. Huenda kosa ni la mtoto aliyependa makofi. Lakini nikifika hapo nakumbuka zile siku tatu za msiba wa mumewe. Ukarimu wa bibi uliegemea kitu kimoja ambacho hakuwahi kukitaja: kwamba wengine nao wangeona haya. Haya ile ndiyo nisiyoiona tena mtaani, wala sijui iliondoka lini.

Siku ile ya kipaimara wapishi walikuwa wachache, nikavua viatu nikakoroga majivu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Binti mmoja mdogo aliyekuwa anateka maji aliniuliza, "Dada, hili sufuria la nani?"

Jibu la zamani lilinijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"La bibi yangu."

Akasogea, akasoma yale maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akanitazama kama watu wanavyomtazama mwongo anayewatia huruma. "Mbona limeandikwa la jumuiya?"

Nilipaka majivu pale penye jina, mazito, bila kuruka mahali, kama nilivyofundishwa. Tukapika, tukapakua, watu wakashiba. Jioni nililiosha mwenyewe. Majivu yalitoka kwa maji ya kwanza, na chini yake rangi ilikuwa nyekundu kama iliyopakwa jana.