Siku Niliyomwazima Babu wa Kiingereza

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Ukifika Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, leo ukauliza Amani anakaa wapi, watu watakutazama tu, lakini uliza Humphrey, hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni. Jina hilo sikupewa na mama yangu. Nilijiletea mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wakwe.

Enzi zile za simu za kubonyeza nilikuwa naishi Husby, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee karibu na Kista, na nilimpenda Furaha wa Hallunda kiasi kwamba nilikuwa napanda treni ya bluu mpaka mjini, nashuka, napanda nyekundu karibu mpaka mwisho wake, kwenda kunywa kikombe kimoja cha chai. Baba yake, Mzee Bahati, ni wa ukoo wa kichifu kule Kivu (babu yake alikuwa mwami, na utaambiwa kabla hujavua viatu), naye akanitumia ujumbe nije na wazee wangu kuposa. Wazee wangu! Stockholm nzima nilikuwa na Shangazi Nyota peke yake, na huyo shangazi hajui kupamba neno.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo. Kazini nilikuwa na mwenzangu Mwingereza, Rupert, mtu mpole mwenye sweta lililotoboka viwiko, na wakati wa fika (kahawa ile ya kazini ambayo Waswidi hawaikosi hata jengo likiungua) alipenda kunisimulia ukoo wao. Kwamba mfalme mmoja wa zamani aliishiwa, akaanza kuwauzia matajiri cheo cha kuitwa Sir, na cheo hicho kinarithiwa: baba akifa anachukua mtoto wa kiume wa kwanza, wengine wanabaki kutoa macho. Nikajisemea, haya, ukoo kwa ukoo! Nikamwomba Rupert anisindikize, kisha nikampigia Furaha nikamwambia, "Mwambie baba nakuja na Sir Rupert."

Neno moja tu, Sir. Jumamosi tulipofika, shangazi kulia kwangu na Rupert kushoto, nikakuta lile neno limeshazaa na kujukuu: kiti kimefunikwa kitambaa cha dhahabu, mchungaji yupo, mtu wa video yupo na taa yake, na mama mmoja akampigia Rupert goti akidhani ni mtoto wa malkia. Rupert, kwa adabu zake, naye akampigia goti.

"Amani," shangazi akaninong'oneza, "umewaambia nini hawa watu?"

"Usijali, shangazi, mkalimani ni mimi." (Nilikuwa nimejiandaa kweli. Wiki nzima nilikuwa nakariri mababu wa Rupert ili yeye akisema kidogo mimi niongeze chumvi, naogesha wazee wa watu huku nataja Sir William, Sir George, Sir Humphrey.)

Baada ya sala Mzee Bahati akakohoa. "Bon. Sisi tunajuana kwa mababu. Tuanze na mugeni mukubwa. Ile cheo yake, aliirizi kwa nani?"

Nikamtafsiria Rupert kwa Kiingereza, naye akamjibu mzee moja kwa moja kwa Kiswidi. Kiswidi, jamani! Amekaa nchi hii miaka na miaka, na chumba kizima kinakisikia, na mimi katika mipango yangu yote hilo sikuliwaza. "Nej, nej, inte jag," akasema, yaani hapana, si mimi, na kwa furaha kabisa akaeleza kwamba cheo anacho binamu yake anayefuga nguruwe, kwamba baba yake alizaliwa wa tatu kwa hiyo hakurithi hata kijiko, na kwamba yeye ni Rupert basi. Mtu wa video akaigeuza kamera usoni kwangu. Yule mama akajipangusa goti.

Mzee Bahati hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Haina shida. Huyu amesema kweli. Sasa weye, mutoto. Baba yako?" Nikamtaja. "Babu?" Nikamtaja. "Baba ya babu?"

Akili ikanitoka. Sikuwahi kuuliza. Nikamgeukia shangazi, ambaye jina analijua vizuri maana ni babu yake wa kumzaa baba, naye akakunja mikono akasema, "Muulizeni mkalimani." Furaha alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la sambusa, ananitazama kwa macho ya kuomba, na nikaona kabisa kwamba nampoteza hivi hivi, jasho linanitiririka mwezi wa pili theluji ikiwa nje, na jina pekee lililokuwa tayari mdomoni likatoka.

"Humphrey."

"Umfri?" mchungaji akauliza.

"Sir Humphrey," nikasema. (Msiniulize kwa nini niliongeza Sir.)

Rupert Kiswahili hajui, lakini jina la kwao alilisikia, akainua kidole, mkweli mpaka mwisho, akatujulisha kwa Kiswidi kwamba Humphrey alikufa bila mtoto, ndiyo maana cheo kikaenda kwa mpwa wake. Mzee Bahati akanigeukia taratibu.

"Kama Humphrey hakuzaa, weye ulitokea wapi?"

Watu wakaangua kicheko, wa kwanza shangazi. Tuliambiwa turudi siku nitakapojua kwetu, na sambusa tukafungiwa za njiani. Kwenye treni nilikuwa karibu kulia. Shangazi akasema, "Baba wa babu yako anaitwa Lubala. Alikwenda kuposa akajiita mtoto wa chifu, wakamkimbiza mpaka mtoni. Akarudi kusema kweli, ndiyo wakampa bibi yangu."

Nikarudi nikayasema hayo hayo. Mzee Bahati alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa nimeamini uko na ukoo," akasema. "Hata cheo munacho, na inarizishwa." Akanipa Furaha.

Tangu hapo nimeapa kutoazima babu wa mtu, na mababu zangu nawataja mpaka wa saba hata ukiniamsha usingizini. Ila juzi nimeitwa na mwalimu wa chekechea. Mwanangu, wa kiume, wa kwanza, amewaambia wenzake kwamba baba yake ni Mwingereza, anaitwa Sir Humphrey.